IgM ikipanda, tazama umbo lake

Kwako mwanangu Achieng,

Huko Kisumu malaria ni ya nyumbani, kwa hivyo IgM ya juu (IgM ni aina ya kingamwili, protini ya kinga ya mwili) utaiona hadi uizoee. Hapo ndipo penye mtego. Mtu aliyeugua malaria mara kwa mara, bandama imevimba hadi kitovuni, anaweza kuwa na IgM ya kutisha bila kuwa na ugonjwa wa Waldenström, ile saratani ya seli zinazotoa IgM. Tazama umbo kwenye elektroforesisi, kipimo kinachotenganisha protini kwa umeme. IgM ya malaria hutanda kama kilima, maana imetoka kwa seli za kila namna; ya Waldenström husimama kama mnara, kwa kuwa ukoo mmoja wa seli kwenye uboho unamwaga protini ile ile.

Jan Waldenström wa Uswidi aliueleza mwaka 1944, kwa wagonjwa wawili waliotokwa damu puani na mdomoni. IgM ni molekuli kubwa, vipande vitano vimeshikana, na ikijaa damu huwa nzito kama uji. Kwa mtu mwenye afya, uzito huo (mnato) wa seramu, yaani maji yanayobaki damu ikiganda, huwa kati ya 1.4 na 1.8 ukilinganisha na maji. Dalili mara nyingi huanza ukipita 4: macho kuingia ukungu, kichwa kuuma, pua kutoka damu. Kwenye slaidi chembe nyekundu hupangana kama sarafu, na ESR, kasi ya chembe hizo kuzama kwenye tyubu, inaweza kupita milimita 100 kwa saa.

Ukiyaona hayo, mpigie daktari kabla hujamaliza ripoti. Himoglobini itakuwa chini naye atataka kuongeza damu, na chembe zaidi huzidisha uzito ule ule. Kutangulie kubadilisha plazma, maji ya damu yenye protini hiyo, kwani takriban asilimia 80 ya IgM imo ndani ya mishipa. Hata rituximab, dawa nzuri ya ugonjwa huu, huweza kuipandisha IgM kwanza. Asiye na dalili hufuatiliwa tu, hatibiwi.

Wengine protini yao huganda kwa baridi. Pasha sindano na tyubu hadi nyuzi 37, damu igande kwenye joto hilo, uizungushe kwenye mashine ingali vuguvugu, ndipo seramu ikae nyuzi 4 hadi siku 7, uone kama protini itaganda. Tyubu ikiachwa mezani chini ya feni, protini hushuka pamoja na bonge la damu. Unamwaga jibu lenyewe, kisha unaandika "haipo".

Kubebea tyubu kutoka wodini, chupa ya chai yenye maji ya nyuzi 37 inatosha, ukiiwekea kipimajoto. Nunua nyingine lakini. Ile niliyokupa ni ya chai.

Mama yako