Taarifa ya Mwenyekiti: mwaka wetu na ngome ya Dunnottar

Ndugu wanachama, habari zenu, na asanteni wote mliolipa michango kwa wakati. Wenye madeni mtamalizana na mweka hazina, hesabu anazo yeye. Mi nataka nizungumzie safari yetu ya Dunnottar, pale karibu na Stonehaven, maana ndo jambo kubwa tulilofanya hapa Scotland mwaka huu na wengi hamkuwepo.

Ile ngome imekaa juu ya mwamba uliochomoza baharini, majabali yanashuka kama mita 50, na ukitaka kuingia unateremka kwanza mpaka chini alafu ndo unaanza kupanda, njia ni moja tu na muda wote unatazamana na matundu ya bunduki yaliyoachwa ukutani pembeni ya lango. Fikirieni adui kavaa chuma, pumzi imemuishia, pa kujificha hana. Akivuka lango bado ana mapito ya giza ya kupanda huku wenyeji wako juu yake. Na ndani kuna tangi kubwa la maji la mviringo, kwa hiyo kuwatoa kwa kiu ilikuwa kazi.

Mnara mkubwa aliujenga Sir William Keith mwishoni mwa karne ya 14, akatengwa na Kanisa kwa kujenga kwenye ardhi iliyowekwa wakfu mpaka Papa Benedict XIII akaingilia kati.

Sasa kilichonigusa zaidi ni mzingiro wa 1651. Jeshi la Cromwell, yule jenerali Mwingereza aliyepigana na wafalme, lilitaka taji, upanga na fimbo ya wafalme wa Scotland, vya Uingereza walishavivunja, na hivi vilifichwa Dunnottar. George Ogilvie, mkuu wa ngome, na askari wachache wakakaza miezi kama minane, mpaka Mei 1652 ilipoletwa mizinga mizito, siku kama kumi tu wakasalimu amri. Lakini adui kaingia hakukuta kitu! Christian Fletcher, mke wa mchungaji wa kijiji cha Kinneff, alishafanya mpango vikatolewa kimyakimya na wakavizika chini ya sakafu ya kanisa lao hadi 1660. Kwa maoni yangu huyu mama ndo aliyeshinda vita ile, na ningependa mabinti zetu walijue jina lake.

Kuna pia chumba cha chini ambamo mwaka 1685 walifungiwa watu 167, wanaume kwa wanawake, kisa imani yao. Tulipoingia watoto wenyewe walinyamaza.

Mwakani kamati inapendekeza twende Kinneff tulione kanisa, alafu Edinburgh kwenye ngome ambako taji lenyewe linaonyeshwa. Majina apewe katibu mapema tujue basi la ukubwa gani, na mnaotaka kurudi Dunnottar vaeni viatu visivyoteleza, zile ngazi zikilowa ni hatari kweli.