Habari za Sidney Lumet zisianzie 1957

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie jinsi tunavyoandikiwa habari za Sidney Lumet, mwongozaji wa filamu na televisheni wa Marekani aliyefariki Aprili 9, 2011. Makala nyingi huanzia 1957, ilipotoka 12 Angry Men, filamu ya wajumbe 12 wa baraza la mahakama wanaobishana juu ya kesi ya mauaji, kisha zikahesabu mara nne alizoteuliwa kuwania Oscar ya mwongozaji bora bila kuipata. Miaka ya kabla ya hapo hurukwa, na ndimo alimojifunzia kazi.

Lumet alizaliwa Philadelphia Juni 25, 1924. Wazazi wake, Baruch na Eugenia, walikuwa waigizaji wa jukwaani wa Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki, wenye asili ya Poland. Mtoto alianza redioni akiwa na miaka minne, na kufikia 1935 alikuwa Broadway, kwenye kumbi kuu za maigizo za New York. Aliyekulia nyuma ya pazia anajua kwamba mwigizaji hukariri kwanza na kupangiwa pa kusimama, ndipo watazamaji waingie. Utaratibu huo hakuuacha hata alipoingia kwenye filamu. Na baba naye hakuachwa nyuma: yumo katika filamu ya The Pawnbroker, akiongozwa na mwanawe.

Mwaka 1950 aliingia shirika la televisheni la CBS kama msaidizi wa mwongozaji Yul Brynner (ndiyo, yule yule mwigizaji), kisha akakirithi kipindi cha michezo ya kuigiza, Danger. Michezo ya televisheni enzi hizo ilirushwa moja kwa moja. Mwongozaji alikaa chumba cha mitambo akiamuru kamera ipi iende hewani, huku nyingine ikisukumwa na waya zake hadi pembe inayofuata. Ikichelewa, yenyewe inaonekana kwenye picha ya mwenzake. Kipaza sauti kikishushwa kupita kiasi, kivuli chake kinamwangukia mwigizaji usoni. Hakuna kurudia, kwa hiyo kila hatua ilibidi ifanyiwe mazoezi mapema.

Ndiyo maana, kwenye filamu, alidai takriban wiki mbili za mazoezi kabla ya kamera kuwashwa. Siku za kwanza waigizaji huketi mezani na kuusoma mswada. Kisha huinuka, na sakafu ya ukumbi hubandikwa utepe unaoonyesha vipimo halisi vya seti, milango na samani zake.

Faida yake inaonekana wazi katika 12 Angry Men, iliyopigwa kwa siku zisizofika 20, karibu yote ndani ya chumba kimoja. Kila kamera inapogeuziwa ukuta mwingine, taa zote hupangwa upya, na saa nyingi hupotea hapo. Lumet aliziweka taa kwa upande mmoja, akapiga maneno yote yanayoangukia upande huo, ya mwanzo hadi ya mwisho wa hadithi, ndipo akageuza. Matokeo yake, mwigizaji Lee J. Cobb anafoka leo, na Henry Fonda anayemjibu anapigwa picha siku kadhaa baadaye. Bila mazoezi, hasira ya mmoja isingelingana na utulivu wa mwenzake, na kasoro hiyo hujulikana kwenye uhariri, wakati seti imeshabomolewa.

Lenzi nazo zilipangwa mapema. Yeye na mpiga picha wake, Boris Kaufman, walianza na lenzi za milimita 28 hadi 40, wakaendelea na 50, 75 na 100. Kadiri lenzi inavyokuwa ndefu ndivyo ukuta wa nyuma unavyoonekana kumkaribia mtu, na chumba kinabana. Kamera nayo ilianza juu ya usawa wa macho, ikafika usawa huo, kisha ikashuka chini yake mpaka dari ikaingia kwenye picha. Mtazamaji hushikwa na joto la chumba kile bila kujua limetoka wapi.

Kuna kosa moja linalojirudia, nalo linafaa kusahihishwa: kwamba Lumet aliiongoza 12 Angry Men hata ilipokuwa mchezo wa televisheni. Mchezo huo uliandikwa na Reginald Rose na kurushwa na CBS mwaka 1954, lakini aliyeuongoza siku hiyo ni Franklin Schaffner. Lumet aliongoza filamu tu. Mkimwandika tena, naomba jina la Schaffner liwepo, na wazazi wa Lumet wapewe zaidi ya mstari mmoja.

Msomaji wenu