Mdogo wangu, wino wa mhuri si wino wa kalamu

Mdogo wangu,

Umeuliza kwenye kundi la ukoo wino wa ile kalamu ya baba yetu, Parker 51, unapatikana wapi Mwanza. Mimi hukuniuliza. Haya, nakujibu hapa mbele za watu, maana simu zangu hupokei.

Ukishuka meli ya Nansio, panda hadi Makoroboi. Wapite wale wenye meza wanaouza "Parker" mpya kwa bei ya soda mbili. Nenda kwenye duka lile la Mzee, lenye kabati la kioo na vitabu vya risiti. Nalisifu kwa jambo moja kubwa: chupa za wino wanaziweka ndani ya maboksi yake, kivulini. Jua la dirishani hupausha wino hata kabla haujanunuliwa. Halafu muuzaji hakasiriki ukifungua chupa kabla ya kulipa. Ifungue. Ukiona ukungu unaelea juu, au matope chini yasiyotikisika, au ukisikia harufu ya uvundo, irudishe.

Omba Quink, wino wa Parker wenyewe, chupa ya ml 57. Chukua bluu-nyeusi kama ni ya kusaini karatasi za maana. Ile bluu ya kufulika huondoka ikiguswa na maji. Wakikupa katriji, vile vijibomba vya wino vya kuchomeka, kataa. Parker 51 ya baba ina mfuko wake wa wino ndani. Zungusha kiwiliwili ukivue, utaona bamba la chuma. Zamisha ncha yote, bonyeza mara tano, kila mara ukiachia na kusubiri kidogo wino upande, kisha pangusa kwa kitambaa laini.

Wino wa mhuri usiuguse tena. Ule umetengenezwa uchelewe kukauka juu ya kitambaa cha mhuri. Ukiingia kwenye mfereji wa kalamu, mwembamba kama unywele, unakuwa ute. Wino mweusi wa kuchorea ni mbaya zaidi: mara nyingi una sheleki ndani, utomvu ule wa kutengenezea vanishi, ukikauka maji hayauyeyushi.

Siku ya kuanua matanga, wazee wamekaa, muhtasari wa kikao cha ukoo uko mezani, na wewe umeshika kalamu ya baba yetu, imeziba, unaifungua kwa koleo. Koleo! Ukasema, "Kalamu ni kalamu tu." Tukasaini kwa biki.

Sehemu ile iliyofunika ncha imebanwa kwa sheleki. Hulegea kwa joto dogo la hewa kavu, kisha unaishika kwa kipande cha tyubu ya baiskeli ili isiteleze, unazungusha polepole. Ikigoma, rudia joto, usiongeze nguvu. Lakini hata hukuhitaji kuifungua. Maji safi ya baridi yangetosha: vuta, sukuma, vuta, sukuma, hadi yatoke meupe. Yakigoma, tone moja la sabuni ya vyombo kwenye glasi ya maji, ncha peke yake ilale humo usiku kucha, asubuhi suuza sana. Maji ya moto hapana. Spiriti hapana kabisa, plastiki ile itapasuka nyufa ndogondogo.

Najua utasema ilikuwa imeziba tangu kabatini kwangu. Ni kweli, niliifungia na wino ndani. Kalamu ikikaa zaidi ya wiki chache bila kazi inatakiwa isafishwe na ikaushwe, nami sikufanya hivyo. Lakini nani mwingine angeifungia? Nyumba ilijaa watu, watoto wanachorea kila kitu, na kila mjomba alikuwa anataka "kumbukumbu" yake. Ningeiacha wazi leo ungekuwa unaulizia wino wa nini?

Kitu kingine. Nimesikia unalalamika inakauka ukiiweka mezani dakika chache tu. Ndiyo, itakauka, haina kofia. Kofia ninayo mimi, niliitia mfukoni siku ile ile. Njoo uichukue, na hiyo chupa uje nayo.