Nimevimba kweli

Mwanjelwa, Mbeya
Jumapili

Shosti Tumaini,

Habari za Kihesa, watoto hawajambo? Sisi wazima, ila baridi ya Julai inatutafuna.

Simu zako nimeziona, na ule ujumbe wako eti siku hizi nimevimba. Nimevimba kweli, mwaya! Lile gego la mwisho la chini lililonisumbua tangu msiba wa Tukuyu, nimeling'oa Jumatano. Lilikuwa limelala, limemwegemea jirani yake, ikabidi daktari achane fizi, alikate vipande, kisha ashone. Pale kitini sikusikia uchungu, ni kusukumwa taya tu na kelele za mashine. Ganzi ilinitoka nikiwa kwenye bajaji, foleni ya Mafiati. Basi tena.

Ila kinachonichosha si kidonda, ni washauri. Daktari alisema damu inaganda mle shimoni, na lile donge ndilo linaloufunika mfupa mpaka nyama iote. Likitoka mapema, maumivu yanapanda hadi sikioni, na unarudi kusafishwa. Kwa hiyo usiteme kwa nguvu, usinyonye kwa mrija, usisukutue kabla ya saa 24. Baada ya hapo, nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu, unazungusha taratibu, unaachia yadondoke yenyewe. Jioni ileile Mama Gwakisa huyo, na chupa ya mizizi: "Sukutua kwa nguvu, tema damu chafu!" Nikatikisa kichwa, kaondoka amenuna. Shemeji yako naye kaniletea soda. Na mrija. Eti ananihurumia.

Uvimbe niliambiwa utapanda mpaka siku ya tatu, na haukukosea. Leo umeanza kushuka, ila mdomo unapitisha kijiko cha chai tu. Nakula parachichi la kuponda, ndizi za kuponda, uji wa ulezi uliopoa. Jana wamepika wali wa Kyela humu ndani, nikageukia ukutani. Punje zinaingia shimoni, wangenielewa?

Halafu jana nilipiga chafya, nikajua donge limekwenda. Nikakimbilia kioo na tochi ya simu... lipo.

Sasa shida yangu. Send-off ya Neema ni Jumamosi, na mimi ndiye niliyepangwa kutoa neno. Nyuzi zitayeyuka zenyewe, lakini taya hili halijakubali hata kupiga miayo. Naomba useme wewe. Asipewe Anna, sababu unaijua. Ukifika lala kwetu, nauli ya kurudi juu yangu.

Utakuja Ijumaa au asubuhi yake? Sare umeshashona, au fundi bado anakuzungusha? Mguu wa mama unaendeleaje? Wewe ulipong'oa lako ulianza lini kula ugali? Na ile hela, Anna alikurudishia? Niandikie, usipige, kucheka kunaniuma.

Wako,
Mama Tusa