Nimeuza maua ya mibuni na mke wangu hajui

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia saa tisa usiku, sijafumba jicho. Mibuni imechanua tangu juzi, harufu inaingia mpaka chumbani. Zamani harufu hii ilikuwa raha yangu.

Butura unaijua, kule kuuza kahawa ikingali mtini, kabla ya mavuno, sina haja ya kueleza zaidi. Januari kijana wetu alikwenda kidato cha kwanza, shule ya bweni. Ada serikali ilishaiondoa, sawa, lakini godoro, tranka, sare, viatu na nauli vinatoka wapi? Mnunuzi akaja, akazunguka kibanja chetu cha migomba na mibuni, akapapasa matawi, buni bado za kijani, akanihesabia 700,000 mkononi. Nikapokea. Mimi si mlevi Shangazi, wala sina mwanamke wa nje. Pesa yote ilimwendea mtoto, na mke wangu tulikuwa naye dukani tukichagua lile tranka.

Ndiyo maana maneno yake yameniingia mpaka leo. Julai vijana wa mnunuzi walipokuja, hawakuchuma, walikwangua. Nyekundu na mbichi zote chini, na matawi wakavunja, yaleyale ambayo yangezaa msimu ujao. Jirani yangu alipeleka maganda yake, yaani buni zilizokaushwa, chama cha msingi, akasubiri mnada, akapata karibu mara tatu ya nilichopata mimi kwa kilo. Basi mke wangu akasimama katikati ya shamba akasema: "Baba yako alikufa na madeni, lakini ua la mbuni hakuuza." Mbele ya vijana wadogo wale! Hakuweza kuningoja ndani?

Anavyosema, utadhani mimi kesho siioni. Ni nani aliyechimba mashimo 40 ya miche mipya, ile isiyoshikwa na ugonjwa wa mnyauko? Yeye anataka tuuze mtamba, na mtamba ana mimba. Tukimuuza, samadi itatoka wapi? Kibanja kisichopata samadi migomba inakonda, mibuni ndiyo usiseme. Na hiyo miche itakaa kama miaka 3 ndipo izae, kijana atakuwa kidato cha nne. Hapo katikati tunakula nini? Nikimuuliza hilo hanijibu, ananirudishia habari za baba. Baba alikuwa na mibuni michanga na watoto ambao hawakupita darasa la saba, mimi mwenyewe nikiwa mmoja wao. Ndivyo alivyoweza kutouza maua.

Niliapa sitauza butura tena, hata mama nilimwambia. Ila Septemba mama kateleza kisimani, mguu umevunjika, hospitali wanasema ni lazima awekewe vyuma, na bima hatuna. Kwa sasa tumemlaza hapa nyumbani, usiku anaguna.

Jana jioni yule mnunuzi akapita tena. Safari hii hata buni hakungoja. Amenipa 400,000, na 200,000 nyingine ataleta Ijumaa nikiweka sahihi mbele ya shahidi. Zimo kwenye mfuko wa koti, nyuma ya mlango, na mke wangu amelala hapa pembeni yangu. Najua butura imepigwa marufuku. Najua pia mibuni yangu bado ina vidonda vya Julai. Lakini msimu mmoja tu, Shangazi, unaweza kuua shamba kweli?

Nimrudishie pesa yake? Nikirudisha, mguu wa mama unasubiri nini? Nikikubali mtamba auzwe, mke wangu ataona alikuwa na haki kusema vile mbele za watu, na hakuwa na haki, hata kama kuhusu shamba alisema kweli.

Nijibu kabla ya Ijumaa. Na kama ni lazima nimwambie, nifundishe pa kuanzia, maana nikifungua mdomo atamtaja baba, na mama yuko chumba cha pili, atasikia kila neno.

Baba wa Mwanafunzi,
Karagwe