Mota Imeungua Tena? Usikimbilie Kuiriwaindi

Wateja wa posho mili wakija hapa kwetu Kariobangi na mota imeungua, swali huwa ni moja tu, kuriwaindi (kufunga koili upya) ni pesa ngapi. Bei tutakupea, hakuna shida, lakini kama iliriwaindiwa juzi na tayari imerudi ikinuka vanishi, kuna uwezekano mkubwa mota haina makosa.

Ndio maana tunafanya simulesheni, yaani tunaiweka mota yako kwa kompyuta tuitese huko. Tukishairiwaindi tunapima rizistansi ya koili, tunaiwasha bila mzigo, alafu tunashika shafti isizunguke tukipandisha volti pole pole mpaka amp zifike zile zimeandikwa kwa kibati cha mota. Hizo namba ndizo programu inakula. Fundi akikuambia picha ya kibati peke yake inatosha, huyo muulize maswali.

Shida nyingi huonekana kwa kuwasha. Mota ya kilowati 7.5 ikiwa kazini inavuta kama amp 15, lakini ikianza inaweza kuvuta mara sita au saba ya hizo, na kama ulivuta waya mwembamba kutoka kwa mita ya stima mpaka nyuma ya ploti, volti zinapotelea njiani. Na torki, yaani nguvu ya kuzungusha, haishuki sawa na volti, inashuka kwa volti mara volti, kwa hivyo ukipata 360 badala ya 415 umebaki na robo tatu tu. Sasa ongeza starta ya sta-delta, ile huanzisha mota na volti kidogo (sta) alafu inaipea zote (delta), ikiwa kwa sta torki inakatwa tena ibaki theluthi moja, na kuna mtu alizima mili ikiwa na mahindi ndani! Kwa grafu unaona laini ya spidi, ambayo ingepanda mpaka karibu 1440 kwa dakika, imekwama huko chini na amp bado ziko juu. Hapo ndio koili hupikika.

Kwa kompyuta tunabadilisha saizi ya waya, tunajaribu starta ingine, bila kuunguza chochote. Saa zingine dawa ni waya mnene tu, na hiyo sisi hatuuzi. Beringi zimeisha simulesheni haitakuambia, hizo tunaangalia na mkono.

Ukikuja, beba saizi na urefu wa waya kutoka kwa mita, na uambie fundi wako wa stima apime volti pale kwa mota wakati inaanza, si ikiwa imezimwa.