Mwinjilisti aliyeungama hajafanya kashfa

Ndugu Mhariri,

Gazeti lenu nimelisoma miaka mingi bila kuandika hata mstari mmoja, lakini ile habari yenu ya mwinjilisti na fedha za mabati ya kanisa imenikwama kooni. Mtu kasimama mwenyewe mbele ya waumini, hakuna mkaguzi aliyemfuata, hakuna polisi mlangoni, akasema fedha alizitumia na atazirudisha. Ninyi mkaiita kashfa. Mkawahoji watu wawili, wote wakasema angezirudisha kimyakimya kuliko kulichafua kanisa. Hamkuuliza popote ni wangapi walizila kabla yake wakanyamaza.

Mimi ni Mwanglikana, mzaliwa wa Mpwapwa, walikofika wamisionari wa CMS, chama cha Waanglikana wa Uingereza, miaka ya 1870, na nimelelewa na wazee wa Uamsho, ile harakati ya Kikristo ya kutubu na kuungama iliyotoka Gahini, Ruanda, miaka ya 1930 ikaenea Uganda, Kenya na kwetu. Wazee wale hawakusema "mimi ni mwenye dhambi" wakakaa. Walitaja: nilichukua mbuzi wa fulani, kesho nampelekea. Waliita kutembea nuruni. Festo Kivengere, aliyefundisha hapa Dodoma kabla hajawa askofu wa Kigezi, Uganda, alisimulia jinsi alivyopanda baiskeli safari ndefu, baada ya kuokoka, kwenda kumwomba radhi Mzungu ambaye yeye Kivengere alikuwa amemchukia. Leo watu hao tunawataja kwa fahari kwenye jubilei, na anayefanya walichofanya tunamwanika gazetini.

Mwaka jana, kwenye ibada ya nyumbani mtaani kwetu, kijana mmoja aliomba nafasi ya ushuhuda. Akaanza kwa Bwana asifiwe, tukaitikia. Kisha akasema anampiga mkewe. Akasema wala si pombe, hanywi, ni hasira, na kila akiapa kuacha anarudia, na sasa anajiogopa. Mkewe alikuwa pale pale mkekani, amempakata mtoto. Kijana hajamaliza, kiongozi akadakia "Shetani ashindwe!", mama mmoja akaanzisha pambio, makofi yakalia, kijana akabaki kasimama mpaka akakaa mwenyewe. Tukaingia kwenye matangazo: zamu ya usafi na mchango wa kipaza sauti kipya! Baada ya baraka nilimfuata kiongozi nikamwuliza kwa nini hakumwacha amalize. Akanijibu, "Mwalimu, mambo ya ndani yaishie ndani, hapa kuna watoto." Watoto! Wa nyumba ile wanayaona kwa macho yao, na wengine wanayasikia ukutani. Haikufika Jumatano habari ikawa Soko la Majengo, waliokataa kuisikia mbele za Mungu wakisimuliana huku wanachagua nyanya. Kijana hajarudi ibadani. Mkewe huja peke yake, amejitanda kitenge mpaka shingoni hata kwenye joto la Oktoba, na tunampa mkono mlangoni tukimwuliza habari za nyumbani, naye anajibu nzuri. Yakobo 5:16 inatuagiza kuungama sisi kwa sisi na kuombeana ili tuponywe. Kuombeana tunakupenda. Kuungama tunakuruka.

Na nikiwa hapo hapo, niseme na wasifu wa marehemu. Tunasomewa kaburini kwamba alizaliwa, akabatizwa, akapata kipaimara, alikuwa baba mwema, ameacha mjane na watoto sita. Nyuma ya umati, chini ya mti, wamesimama vijana wawili wenye sura ya marehemu tupu, hakuna aliyewataja. Mmoja nilimfundisha darasa la tatu. Mchungaji anajua, wazee wanajua, mjane anajua, na bado karatasi inasomwa hivyo mbele ya msalaba. Kesi za mirathi zinazojaa mahakama ya mwanzo zinaanzia kwenye karatasi kama hiyo.

Ninachotaka ni hiki. Maungamo ya Jumapili tunayakimbiza, mtu hajakumbuka kosa lake tumeshafika kwenye msamaha. Kiongozi akisema tuungame, kinanda kizimwe kabisa, waya utolewe ukutani, tukae kimya dakika tano kwa saa. Tena kila mwezi, Ijumaa moja saa 11 jioni, kuwe na kikao cha kuungama bila kipaza sauti, simu zote zikae kwenye kapu mlangoni, na atakayetoa nje aliyoyasikia asishike wadhifa wowote kanisani mwaka mzima. Wa kwanza kusema awe mchungaji, wa pili mweka hazina. Mtu akisema anapiga, wazee wawili na mama mmoja waende naye nyumbani jioni hiyohiyo, mama azungumze na mke faraghani kwanza, na mke akitaka kwenda dawati la jinsia polisi, asindikizwe na kanisa lake bila kuambiwa avumilie.

Nanyi mhariri, rudini kwa yule mwinjilisti mumwulize amebakiza kiasi gani na nani anamsaidia kulipa. Mkitoka kwake mpitie kwa kamati ya ujenzi, muombe hesabu za mabati za miaka iliyotangulia, mziandike ukurasa uleule, kwa herufi kubwa zilezile.

Mwalimu mstaafu,
Chang'ombe, Dodoma